Nyota ya leza ni taa: kuyaona makosa ya kipimo kwa kadibodi na tochi, ufukweni Jambiani

Mwezi wa Februari, kwenye saa tatu na nusu usiku, nyota ya Suheli (Canopus) husimama juu ya bahari upande wa kusini wa Unguja. Mabaharia wetu waliishika nyota hii kuwa alama ya kusini. Ukiitazama kwa darubini utaiona inacheza, inavimba, inapasuka vipande na kurudi kuwa moja. Nyota yenyewe imetulia. Nuru yake imesafiri takriban miaka 300 ikiwa imenyooka kama mkeka uliotandikwa vizuri, ikaja kukunjwa na hewa katika kilomita chache za mwisho. Mkeka huo wa nuru ndio uso wa wimbi.

Mwaka 1953 Horace Babcock alipendekeza kwamba mikunjo hiyo ipimwe papo hapo na kunyooshwa kwa kioo kinachojipinda. Siku hizi darubini kubwa hufanya hivyo mara mamia kwa sekunde. Kikwazo ni kwamba kipimo kinahitaji nyota yenye nuru ya kutosha, tena iliyo karibu sana na kile unachotaka kukitazama, na sehemu kubwa ya mbingu haina nyota kama hiyo. Ndipo mwaka 1985 Wafaransa Renaud Foy na Antoine Labeyrie wakachapisha wazo la kujitengenezea nyota kwa leza. Iliyozoeleka zaidi leo ni leza ya nanomita 589, inayowasha safu ya atomi za sodiamu zilizoachwa na vimondo kwenye kimo cha kilomita 90 hivi. Tupa chembe za chumvi kwenye moto wa jiko, ile rangi ya manjano utakayoiona ndiyo hiyo hiyo.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya jambo moja ambalo wanafunzi wangu hulipita haraka: nyota ya leza si nyota, ni taa. Iko karibu, ina unene, na nuru yake imepanda na kushuka kwa njia ile ile. Makosa mengi yanayosumbua kipimo chake yanazaliwa hapo, na unaweza kuyaona kwa macho yako bila kumiliki leza. Tena usiitumie kabisa. Kuelekeza leza angani ni hatari kwa marubani, na ndege zinazotua uwanja wa Abeid Amani Karume hupita chini. Tutatumia tochi.

Vifaa vyangu ni darubini ya kioo ya milimita 150 yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi nuru inapokutana) wa milimita 750, mguu wenye mota ya kufuata nyota, kamera ndogo ya sayari yenye pikseli za mikromita 3.75, na kompyuta ya mkononi. Kama vyako ni tofauti, badilisha namba ninazotoa. Hesabu inabaki ile ile.

Hatua ya 1: chagua usiku na mahali

Unahitaji giza, anga kavu, na ufukwe mpana ulio tambarare. Januari na Februari, kaskazi ikiwa imetulia, ndiyo miezi bora. Chagua usiku wa mwandamo: mwezi haupo, na bamvua linayapeleka maji mbali, kwa hiyo Jambiani na Paje unapata mchanga mtupu hadi karibu na mwamba. Soma jedwali la maji kabla ya kutoka, kisha umpe msaidizi wako saa kamili ya kugeuka na kurudi. Maji yanapoanza kujaa hujaza mikondo ya nyuma yako kwanza, na gizani hutayaona.

Mwambie sheha. Watu wanaotembea ufukweni na taa usiku wanatia wasiwasi, na ni haki ya kijiji kujua. Tena pita mbali na vijiti na kamba za mwani. Ile ni kazi ya kina mama ya miezi, na mguu mmoja gizani unaweza kuing'oa.

Usiweke darubini karibu na ukuta wa mawe wala juu ya paa la bati. Vyote viwili vinatoa joto la mchana hadi usiku wa manane, na utapima joto la nyumba badala ya anga. Itoe nje saa nzima kabla ya kazi ili kioo kipoe. Umande wa pwani ni mwingi, kwa hiyo vika mdomo wa darubini bomba la kadibodi linalouzidi kidogo.

Hatua ya 2: kata kifuniko cha matundu

Chukua kadibodi nyeusi, kata duara linaloenea mdomo wa darubini. Kwa bikari chora duara la nusu kipenyo cha milimita 50, na juu yake kata matundu manane ya milimita 15, yaliyoachana sawasawa. Toboa tundu dogo la tisa pembeni ya mojawapo ili ujue juu ni wapi na chini ni wapi. Matundu yawe na kingo safi, kwa kiwembe kipya.

Hiki ni kipimo cha Johannes Hartmann, cha mwanzoni mwa karne ya 20. Roland Shack na Ben Platt walikiboresha mwaka 1971 kwa kuweka lenzi ndogo ndogo mahali pa matundu, na vipimo vingi vya darubini kubwa bado ni vya ukoo huo. Kila tundu huchukua kipande cha mkeka na kukigeuza kuwa nukta. Kipande kikiinama, nukta inasogea. Matundu manane hayaoni mikunjo midogo kuliko nafasi iliyo kati yao, na mibaya zaidi ni ile inayojipenyeza katika kipimo ikiwa imevaa sura ya mikunjo mikubwa.

Hatua ya 3: anza na nyota halisi

Elekeza kwenye nyota ya Sirius, ile ambayo wasomaji wa Qur'an wanaijua kwa jina la Shi'ra katika Surat An-Najm. Februari inapita karibu na utosi, na nuru yake inatosha kabisa. Pata fokasi, kisha sogeza kamera ndani kwa milimita 6. Utaona nukta nane zimejipanga kama pete. Nusu kipenyo cha pete ni 50 × 6 ÷ 750, yaani milimita 0.4, sawa na pikseli 107 hivi.

Piga fremu 1000, kila moja milisekunde 5 au pungufu. Kwa kila fremu tafuta kitovu cha kila nukta: zidisha nafasi ya kila pikseli kwa nuru yake, jumlisha, gawanya kwa nuru yote. Ondoa kwanza nuru ya mandharinyuma, la sivyo kitovu kitavutwa kuelekea katikati ya kisanduku chako cha hesabu, yaani lile eneo dogo la picha unalolihesabu kwa kila nukta. Programu fupi ya Python inamaliza kazi hii kwa dakika chache.

Wastani wa fremu zote 1000 ndio rejea yako. Ndani yake mna makosa ya kioo chako, ya mkao wa kamera, na ya kadibodi iliyokatwa vibaya. Mara ya kwanza niliiruka hatua hii. Nikakaa wiki mbili nikieleza kwa shauku umbo la ajabu la hewa ya Makunduchi, kumbe lilikuwa kioo kilichobanwa mno na skrubu zake. Darubini kubwa zina tatizo la ukoo huo: njia ya nuru kwenda kwenye kipimo si ile ile inayokwenda kwenye kamera ya sayansi, na tofauti ya njia hizo mbili haionekani na kipimo hata kidogo.

Hatua ya 4: tenganisha mtikisiko wa pamoja

Katika kila fremu, tafuta wastani wa mwendo wa nukta zote nane, kisha uutoe kwenye kila nukta. Ulichokitoa ni mwinamo wa mkeka wote. Umechanganyika na upepo uliogusa darubini na mota isiyofuata sawasawa. Kilichobaki ndicho umbo.

Kwa nyota halisi mwinamo huo ni habari ya kweli. Kwa nyota ya leza hauna maana. Mwale wa leza unapopanda, hewa inauinamisha upande mmoja. Nuru inaporudi baada ya chini ya milisekunde moja, hewa ile ile inaurudisha. Darubini inaona taa imetulia katikati, wakati kitu unachokitazama kinayumba. Ndiyo sababu kila mfumo wa leza bado unahitaji nyota halisi, japo hafifu, ya kupimia mwinamo tu. Fanya jaribio hili: jumlisha fremu zako zote bila kuzisawazisha, kisha zijumlishe tena baada ya kuutoa mwinamo. Picha ya pili itakuwa kali zaidi. Tofauti ya picha hizo mbili ndiyo hasara ya darubini yenye leza peke yake.

Hatua ya 5: taa iliyo karibu

Hapa ndipo usiku wote unapata maana. Mpe msaidizi tochi ya LED iliyofunikwa kwa karatasi nzito ya fedha yenye tundu la milimita 3, na asimame mchangani mita 1000 kutoka kwako. Umbali mpime kwa ramani ya simu. Inua darubini kadiri uwezavyo, kwa mfano juu ya baraza lililo wazi, kwani hewa inayogusa mchanga inachemka.

Usiguse fokasi. Piga fremu 1000 za tochi na utafute pete. Nuru kutoka mita 1000 haiji sambamba, inakuja ikitanuka, na fokasi yake inarudi nyuma kwa milimita 0.56. Pete inatanuka kutoka pikseli 107 hadi karibu 117. Hakuna hewa iliyofanya hivyo. Ni ukaribu wa taa.

Sasa msaidizi arudi nyuma mita 100. Pete inapungua kwa karibu pikseli moja. Angalia vizuri ulichokipata: umbo limebadilika, kipimo kimeandika kunjo, na hewa haihusiki. Safu ya sodiamu hufanya vivyo hivyo usiku kucha, inapanda na kushuka. Kwa darubini ya mita 8, safu ikisogea mita 100 tu, kipimo kinaona kunjo la uongo la nanomita 28 hivi kwa wastani wa mraba. Kunjo hilo hukua kwa mraba wa kipenyo. Kwa darubini ya mita 39 inayojengwa Cerro Armazones, Chile, mita 100 zile zile zinaleta karibu nanomita 680, yaani zaidi ya urefu mzima wa wimbi la leza yenyewe. Kioo kitatii na kuharibu picha iliyokuwa nzuri.

Kuinama kwa darubini nako kunabadilisha umbali. Kutoka hapa Suheli haipandi zaidi ya digrii 44 hivi, kwa hiyo leza ambayo ingeelekezwa kule ingekutana na sodiamu baada ya kilomita 130 hivi, si 90. Fokasi ya kipimo lazima ifuate mabadiliko hayo muda wote.

Ukaribu una athari ya pili, nayo unaweza kuichora mchangani kwa kijiti. Chora mistari miwili sambamba, hiyo ni nuru ya nyota. Kisha chora pembetatu yenye kitako kile kile, ncha yake kwenye taa. Kadiri unavyopanda, pembetatu inaacha nje sehemu ya hewa iliyo ndani ya mistari. Kwa taa ya kilomita 90, kwenye kimo cha kilomita 10 upana uliopimwa wa darubini ya mita 8 ni mita 7.1 tu, na miale ya ukingoni imepita sentimita 44 kando ya njia ya nuru ya nyota. Mikunjo ya hewa usiku mzuri hufanana ndani ya sentimita 15 hivi tu. Kwa hiyo ukingoni unapima hewa ya jirani. Kuongeza nguvu ya leza hakusaidii kitu hapa. Dawa ni kuwasha taa kadhaa na kuijenga hewa kwa tabaka kutokana na pembe mbalimbali. Yepun, darubini ya nne katika kundi la darubini kubwa nne liitwalo VLT kule Paranal, Chile, imekuwa na leza nne tangu mwaka 2016, kila moja ya wati 22.

Hatua ya 6: taa yenye unene

Badilisha karatasi ya tochi. Badala ya tundu, kata ufa wa wima wa sentimita 5 kwa milimita 3. Kwa mita 1000, sentimita 5 ni sawa na sekunde 10 za tao (sekunde ya tao ni digrii moja gawanya kwa 3600), na kwenye kamera yetu hizo ni takriban pikseli 10, kwani pikseli moja ni sekunde moja hivi. Ufa hautatoa nuru sawasawa usipotandaza karatasi ya kuchorea nyuma yake.

Sikuichagua sentimita 5 kwa kubahatisha. Safu ya sodiamu ina unene wa kilomita 10 hivi. Mtu aliyesimama pale leza inaporushiwa huiona kama nukta. Aliyesimama kando anaona mstari. Urefu wa mstari ni umbali wake kutoka kwenye leza, mara unene, gawanya kwa mraba wa kimo. Kwa mita 4 unapata sekunde 1 ya tao. Kwa mita 39 unapata karibu 10.

Piga fremu, tafuta vitovu. Kisha msaidizi afunike nusu ya juu ya ufa kwa kidole cha glavu nyeusi, wewe upige tena. Vitovu vyote vinahama kama pikseli 2.5. Tochi haikusogea, hewa haikubadilika, bali mgawanyo wa nuru ndani ya taa ndio uliobadilika. Sodiamu nayo hujikusanya juu, hujigawa tabaka mbili, hutawanyika.

Katika jaribio letu nukta zote zinahama upande mmoja, kwa hiyo hatua ya 4 inaliondoa kosa. Kwenye darubini halisi haliondoki, kwa sababu kila tundu linauona mstari ukielekea upande wake, kutoka ilipo leza kwenda nje, kama njiti za makuti. Kuhama kwao kunaandika umbo kamili: fokasi kwanza, na mengine yaliyojikunja zaidi nyuma yake.

Kisha fanya hesabu upya na kisanduku kilichopunguzwa hadi kikate ncha za mstari. Kitovu kitasogea tena, na kitasogea kidogo kuliko inavyopaswa kila hewa inapokisukuma, kwa sababu kinachotoka nje ya kisanduku hakihesabiwi. Kosa hili ni baya kuliko kelele. Kelele hupungua ukichukua wastani, hili halipungui. Wanaojenga vipimo hulipunguza kwa visanduku vikubwa, au kwa kulinganisha kila nukta na picha ya mfano ya mstari inayosasishwa mara kwa mara badala ya kutafuta kitovu tupu. Ningeshauri ujaribu njia hiyo ya pili kwenye fremu zako. Inachukua jioni moja kuiandika, na matokeo yanaonekana mara moja.

Hatua ya 7: uchache wa nuru, na kuchelewa

Haya mawili hayatokani na utaa wa leza peke yake, kwa hiyo nayapitia kwa ufupi. Nukta yenye upana wa sekunde 1 ya tao na fotoni (chembe za nuru) 100 tu ina kitovu chenye mashaka ya kama sekunde 0.04. Fotoni zikiwa mara nne, mashaka yanakuwa nusu. Mstari mrefu wa hatua ya 6 unatawanya fotoni hizo hizo, kwa hiyo unaumia mara mbili.

Kwa kuchelewa, rudi kwenye fremu za Sirius. Linganisha kila fremu na ile ya pili baada yake: tofauti ya vitovu ndiyo kosa ambalo kioo kingelifanya kwa kutumia kipimo cha zamani. Kama hewa inakwenda mita 10 kwa sekunde na mikunjo inafanana ndani ya sentimita 15, una milisekunde 5 hivi kabla kipimo hakijachakaa.

Hatua ya 8: jumlisha, kisha rudi kwa nyota

Makosa yasiyohusiana hujumlishwa kwa mraba: nanomita 30 na 40 zinatoa 50, si 70. Jumla ikiwa nanomita 200, kamera ya infraredi ya mikromita 2.2 bado inabaki na karibu asilimia 72 ya ukali wake wa juu kabisa. Kwenye nuru nyekundu ya mikromita 0.65 unabaki na asilimia 2 au 3. Ndiyo maana kazi nyingi za leza hufanywa kwenye infraredi.

Kabla ya kufunga vifaa, elekeza tena kwenye Sirius na upige fremu 1000 za mwisho. Darubini kubwa hufanya hivyo bila kukoma: pembeni ya kipimo cha leza kuna kipimo cha pili, cha polepole, kinachoitazama nyota halisi hafifu na kuyasahihisha makosa yanayotambaa pamoja na sodiamu. Kwako wewe inatosha mwanzo na mwisho. Pete ikiwa imerudi kwenye pikseli 107, au imezidi kwa sehemu chache tu za kumi za pikseli kwa ajili ya bomba la darubini lililopoa na kufupika, vipimo vyako vya tochi ni vizima. Ikiwa imehama zaidi ya pikseli moja, kuna kitu kilisogea, na kile ulichodhani ni mita 100 za msaidizi wako huenda kilikuwa skrubu ya kamera. Kaza, subiri bamvua lijalo, urudie.